Kamba ya Picha

Picha ilipokwisha kupigwa, Ngari, msimamizi wa kazi, alimwita Absalom ashuke mtini, akaanza kumfungua mshipi na kamba.

"Si uniache nayo nimalize huu, mzee," Absalom alisema, akiutazama mkaratusi. "Hiyo tawi ya juu siamini."

"Bodaboda inangoja. Bungoma nao wanapigwa picha saa sita, na kamba ni hii moja."

"Wangoje kidogo, bana."

"Panda tu. Juzi si ulipanda bila?"

Ni kweli. Juzi alipanda bila, na wenzake wote walipanda bila, mwaka wa pili sasa. Kampuni ilikuwa na vikundi viwili vya kukata miti, kimoja Kitale na kingine Bungoma, na kamba moja ya kupigia picha za kupelekea ofisi iliyotoa tenda. Ngari aliikunja vizuri, akaitia kwenye gunia, akamkabidhi mwenye pikipiki. Haikuwa imefika hata Kiminini tawi lilipokatika na Absalom akaja nalo chini.

Jioni hiyo Waithera, mwenye kampuni, alimwita Ngari ofisini. Karatasi ilikuwa imeshachapwa: marehemu alipewa kamba na msimamizi wake, akakataa kuivaa.

"Lakini madam, hakukataa."

Waithera hakupandisha sauti. Alimsogezea kalamu.

"Sawa. Kama hakukataa, nani alimvua?"

Ngari alitazama vidole vyake. Jibu alikuwa nalo: ni wewe uliyenunua kamba moja. Akaichukua kalamu. Akatia sahihi, akasikia nafuu, na nafuu hiyo ndiyo iliyomchoma kuliko yote.

Jumamosi walimzika Absalom kwao, nje ya Bungoma. Familia ilikuwa imeshapata barua kwamba hakuna fidia, maana kosa lilikuwa la marehemu mwenyewe. Ngari alikaa nyuma kabisa ya hema, akiomba asitambuliwe, lakini mjane, Nabwile, aliagiza aitwe. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ati wewe ndiye ulikuwa mkubwa wake kazini?"

"Ndiyo, mama. Pole sana."

"Tulisoma ile barua. Mtusamehe, baba. Absalom alikuwa na kichwa ngumu, hata mimi alikuwa hanisikii. Amewaharibia kazi yenu."

Ngari alifungua mdomo. Wazee walikuwa wakimtazama, na kila mmoja wao alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama watu wenye hatia.

Nabwile akageuka, akamvuta mbele mwanamume mmoja mrefu, wa miaka thelathini hivi.

"Huyu ni ndugu yake, Mukhwana. Hana kazi, na sasa sisi wote tunamwangalia yeye. Huyu anasikia akiambiwa. Mkimpa kamba, atavaa."

Mukhwana alivua kofia.

"Jumatatu," Ngari alisema. "Aje saa moja asubuhi."

"Mungu akubariki," Nabwile akamwambia.