Nyuzi Laini za Mwirigi

Wiki mbili nzima Mwirigi alikuwa na swali moja tu kichwani: nyuzi laini au nyuzi kali? Vijana wenzake wa Laare waliomaliza chuo kikuu mwaka ule walikuwa wakiandika barua za kuomba kazi. Yeye pia aliandika, lakini nyuma ya kila nakala alichora shingo ya gitaa.

Gitaa lenyewe lilikuwa la besi, la nyuzi nne, nalo halikuwa na freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo na kumwonyesha mpigaji pa kubonyeza. Shingo yake ilikuwa ubao mtupu, mweusi, laini kama sahani iliyolambwa. Alilitafuta hivyo Nairobi kwa makusudi. Nyanya yake Marcella, aliyemlea na ambaye yeye alimwita Shosho, alikuwa na namna yake ya kuimba: hakuikanyaga sauti mara moja, aliipandia polepole, kama mtu anayepanda kilima na mzigo wa kuni mgongoni. Kinanda cha kanisa hakikuweza kumfuata, kwa kuwa chenyewe kilijua kupanda ngazi tu. Tangu kiletwe, Shosho aliimba kwa kunong'ona ili asikiharibie. Mwirigi alitaka besi itakayoteleza pamoja naye Jumapili ya mavuno, ili Shosho afungue tena kinywa, kanisa lote lisikie.

Basi akaenda Meru mjini, dukani kwa Mbaabu, muuza ala za muziki.

"Chukua hizi," Mbaabu alisema, akimsukumia pakiti ya nyuzi kali. "Hizi zinalia! Ukipiga Laare, kule mjini Maua wanafunga maduka."

"Lakini zina mikwaruzo kama tupa. Zitakula ubao. Gitaa langu halina freti za kuukinga."

"Halina? Kwani zilienda wapi?"

Mwirigi akaeleza. Mbaabu alimsikiliza kwa upole, kama anavyosikilizwa mtu aliyefiwa.

"Basi beba laini. Zimezungushiwa utepe bapa, hazikwaruzi. Lakini zinaongea chini chini. Usirudi hapa kunilaumu."

Alizibeba akiwa na furaha ya mtu aliyemwokoa ndama mtoni.

Jumatano, kwenye mazoezi ya kwaya, alizifunga mbele ya wote na kueleza kwa nini amezichagua. Mwalimu Muthamia, aliyeongoza kwaya na kupiga kinanda, alikunja uso.

"Kwa hivyo umeweka laini kwa sababu gitaa ni gonjwa?"

"Si gonjwa, mwalimu. Limeundwa hivyo."

"Pole sana."

"Watu wa Nairobi ni wabaya," alidakia Mukiri wa sauti ya kwanza. "Mtoto wa watu, na digrii yake, anauziwa kitu kimeng'olewa meno!"

Mwirigi alidhani ni utani, akacheka nao. Kisha akaeleza upya, na kadiri alivyosisitiza kwamba ubao ule usiumizwe, ndivyo walivyozidi kumwonea huruma.

Kanisa lile lilikuwa na desturi yake: ala itakayopigwa kwenye ibada hulala kanisani kuanzia Jumatano. Mwirigi aliliacha gitaa lake pale, akalifunika kwa sweta yake.

Jumapili asubuhi alikuta kwaya nzima imejipanga mbele ya madhabahu, kati ya ndizi na viazi vikuu vya mavuno, wote wakitabasamu. Mukiri akaivuta ile sweta.

Kwenye ubao mweusi palikuwa na nyaya kumi na sita, zinang'aa.

"Nimepima na futi," alisema Nyaga, fundi wa mbao kutoka Kanja, upande wa Embu, aliyeletwa kutengeneza viti vya kanisa na hakurudi tena kwao. "Kila moja ni inchi moja na nusu kutoka kwa mwenzake. Hakuna hata moja imepotoka."

Mwirigi alijua kwamba freti za kweli husogeleana kadiri zinavyokaribia tumbo la gitaa. Akabonyeza mahali pamoja, halafu pengine. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mbuzi aliyekanyagwa.

"Nyuzi ni zako zilezile," Muthamia alimtuliza. "Tunajua unazipenda."

"Na hizi nyaya... mlitoa wapi?"

"Ni spoki za baiskeli ya babu yako," alijibu Shosho Marcella. "Ile aliyobebea miraa mpaka ikamchosha. Zimekaa stoo miaka yote hii zikingoja kazi. Nikasema, mjukuu wangu hatapiga gitaa kibogoyo mbele za watu."

Vidole vyake vilikuwa bado vyekundu kwa kutu aliyoisugua. Koleo la Nyaga lilichungulia mfukoni mwa koti lake, karibu kabisa na mkono wa Mwirigi. Mwirigi alilitazama, kisha akatazama vile vidole.

"Asanteni," akasema. "Asanteni sana."

Sauti pekee zilizobaki sahihi zilikuwa zile za nyuzi zisizobonyezwa: nne tu. Alizipiga hizo ibada nzima. Wimbo ukienda mbali, aliusubiri kwenye ile iliyo jirani. Na kwa kuwa nyuzi zilikuwa laini, kinanda kilizifunika zote.

Ulipofika wimbo wa mavuno, Shosho Marcella, akijua gitaa la mjukuu limepona, akafungua kinywa. Hakunong'ona. Aliipandia sauti polepole, na mzigo wake wote mgongoni, mpaka katika ubeti wa pili kinanda kikapotea njia, Muthamia akainua mikono, akaacha kupiga. Ikabaki sauti yake, na chini yake nyuzi nne zikivuma taratibu.

Nje, Nyaga alimshika Mwirigi bega.

"Ni poa, lakini iko chini. Sasa chuma ipo, ubao hauumii. Nunua zile kali, kijana."

"Wachana na mtoto," alisema Shosho, akimvuta Mwirigi kando. Macho yake yalimeremeta. "Umesikia vile spoki za babu yako zinaimba?"

"Nimezisikia, Shosho," alijibu Mwirigi, ambaye hakuwa amegusa hata moja.