Farasi Ndani ya Ngitili

Wewe, umewahi kumsikia farasi akilia kwa maumivu? Siyo kule kulia kwake kwa kuomba majani, hapana. Nauliza ule ukelele wa panga. Milembe wa Nkololo aliusikia mara moja tu, na mpaka leo mlango wa bati ukikwaruza kizingiti, yeye husimama.

Milembe alikuwa mjane wa Malimi. Mumewe alimwachia shamba la pamba, nyumba, na ngitili, yaani malisho yanayofungwa tangu mvua ili nyasi zisubiri kiangazi. Humo ndimo alimokaribisha kambi. Kristofa, mtu wa Arusha mwenye pengo na kicheko kirefu, alileta wageni na farasi wao, wakasimika mahema kando ya uzio wa miiba. Asubuhi wageni walipanda vilima vya mawe kwa njia za mbuzi, jioni walirudi na njaa. Farasi walikula nyasi, Milembe akapika.

Bujiku, mdogo wake marehemu, roho ikamuuma. "Nyasi za kaka zinaliwa na punda warefu, ng'ombe wangu wanalamba vumbi!"

Kwenye kikao cha kumaliza matanga, mzee Ndalahwa, mkuu wa sungusungu, walinzi wa kijiji, alikuwa amemuuliza Milembe mbele ya ukoo kuhusu mali ya marehemu, "Mayu, mama yetu, wewe unataka nini?" Naye akachorachora chini kwa kidole cha mguu, akajibu, "Mtakavyoona ninyi." Bujiku alilipokea jibu hilo kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa ngitili.

Alasiri hiyo wageni walikuwa vilimani. Kambini alibaki farasi jike mwekundu, aliyechomwa na mwiba, amefungwa mtini, Kristofa akimkanda mguu kwa maji ya chumvi. Sufuria ya maji ya ugali ya Milembe, pale pale kambini, ilikuwa imeanza kutokota. Bujiku akaja na ng'ombe wake, akaburuta miiba ya uzio pembeni, ng'ombe wakamwagika ndani.

"Mwadila, shemeji," Milembe alisalimu, kwa kuwa adabu ni adabu.

"Mwadila yako kawape punda wako!"

Ng'ombe wakamzonga farasi. Akababaika, akarusha teke, na taya la mtamba mmoja likavunjika kama kibuyu kikavu. Bujiku alichomoa panga, akamkata farasi mshipa wa mguu wa nyuma. Hapo ndipo ulipotoka ule ukelele. Farasi akaketi kama mbwa, akijaribu kuinuka kwa miguu ya mbele, damu ikilowesha nyasi alizozilinda Malimi.

Kristofa alimrukia Bujiku. Wakagaragazana kwenye samadi, panga likawaponyoka, Kristofa akamng'ata sikio mpaka likachanika. Bujiku akajinasua, akapiga mwano: "Mwizi! Mwizi wa ng'ombe!"

Usukumani mwano haujadiliwi. Ukiusikia unatupa jembe, unashika rungu, unakimbia. Anayeonyeshwa kidole hupigwa kwanza, maswali baadaye. Wanaume walitoka mashambani na pamba bado imewanata kwenye nguo. Walimkuta mgeni ana damu mdomoni, mtamba ameumia, na Bujiku anaonyesha kidole.

Rungu la kwanza lilivunja mkono wa Kristofa. La pili lilimwangusha. "Mama Milembe!" aliita. "Waambie, mama!" La tatu likamziba kinywa.

"Waambie nini?" Bujiku alicheka, damu ikimchirizika shingoni. "Huyu mama hana neno. Hata kwenye matanga hakuwa nalo!" Akaokota panga lake, akamwendea Kristofa.

Milembe aliona vidole vya Kristofa vikikwangua udongo. Akashika sufuria kwa upindo wa khanga, akammwagia Bujiku maji yote, kiunoni mpaka miguuni. Panga likaanguka. Bujiku akapiga yowe, akajitupa chini, ngozi ya mapaja ikibambuka na kubaki kwenye kaptula.

Marungu yakasimama hewani.

"Mayu!" Ndalahwa alisema, anahema, rungu mkononi. "Umerukwa na akili? Unamuunguza shemeji yako? Unataka nini wewe?"

Swali lilelile. Mikono ya Milembe ilikuwa imebabuka, nayo khanga ikifuka mvuke. Safari hii hakutazama chini.

"Nataka mtu huyu apelekwe hospitali Bariadi sasa hivi, na Bujiku naye. Nataka ng'ombe hawa watoke." Akaitua sufuria chini. "Na ngitili nataka iwe yangu mimi. Nilitaka tangu siku ile ya matanga."