Pedi Zisizo na Boksi

Duka lilikuwa la vipuri vya magari, na mwenye duka mtaa mzima ulimwita Orijino, kwa sababu hakuuza kitu bila kukigonga kwenye kaunta na kusema, "Hii ni orijino, nenda kalale." Wateja wengi walilala kweli. Wapo walioamkia mtaroni, lakini hao hawakurudi kulalamika.

Alikuwa na utaratibu wake. Pedi za breki za kweli zilikaa rafu ya mbele. Za bandia zilikaa nyuma ya pazia, kwenye maboksi yaliyofanana na ya mbele kama watoto pacha, isipokuwa lakiri ya kifuniko: ya kweli ilimetameta ukiigeuza kwenye mwanga, ya bandia ilikuwa imefifia. Mpita njia alipewa za nyuma ya pazia. Jirani, rafiki na ndugu walipewa za mbele, kwa bei ileile. Huo ndio uliokuwa uaminifu wake, na usicheke, maana aliushika miaka yote bila kuteleza. Ila ukizitoa pedi kwenye boksi, hata yeye hakuweza kuzitofautisha. Alichokijua ni maboksi.

Kisha sheria ikabadilishwa. Zamani ukikamatwa na bidhaa bandia ulitozwa faini, ukalipa huku unatabasamu, ukarudi dukani. Sasa redio ilisema ni jela, kwa anayetengeneza, anayesafirisha, anayehifadhi na anayeuza. Orijino alisikia habari hiyo akinywa chai, akacheka.

"Watachoka tu," akamwambia mkewe.

Hawakuchoka. Asubuhi moja maofisa waliingia mtaani wakaanza na duka la kona, na muuza betri akatolewa na pingu mikononi, kandambili mguu mmoja. Orijino alimwona akipita. Maji yakamfika shingoni.

"Wanachotafuta ni nembo," akamwambia mkewe. "Bila boksi hivi ni vyuma tu. Choma maboksi!"

Mkewe alizitoa pedi, akayabeba maboksi ya nyuma ya pazia hadi uani, akayatia kwenye pipa la taka, akayawasha. Akarudi akihema.

"Na haya ya mbele je?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mzigo wa kweli ulipopungua, Orijino alikuwa akijazia rafu ya mbele kwa ule wa bandia, akijua lakiri itamwonyesha kipi ni kipi. Lakini kugeuza boksi mojamoja kwenye mwanga kunataka moyo uliotulia, na wake ulikuwa unadunda kama unataka kutoka.

"Choma yote!" aling'aka. "Unadhani wao watakaa kuchambua?"

Pedi zote zikamwagwa kwenye kreti moja, za kweli na za bandia, nyeusi tupu, hazina hata herufi. Maofisa walipofika walizishika, wakazigeuza, wakauliza ni za kampuni gani. "Hazina kampuni, afande, ni za kawaida," akajibu kwa unyenyekevu. Wakatazamana, wakaenda zao. Siku hiyo Orijino alikula vizuri.

Wiki haikuisha, akaja mdogo wake, dereva wa gari la kusambaza mikate. Aliingia kwa kelele kama kawaida yake.

"Shikamoo kaka! Breki zinalia kama mbuzi. Nipe zile zetu."

Zile zetu. Mkewe Orijino akainua macho kutoka kwenye kibao alichokalia, akamtazama mumewe, akayashusha.

Mdogo huyo alimwamini kuliko Orijino alivyojiamini mwenyewe. Baba yao alipofariki, kaka mtu ndiye aliyemlea na kumpeleka kujifunza udereva, na mpaka leo alikuwa akijisifu kwa wenzake: nendeni kwa kaka yangu, pale hampigwi. Orijino angeweza kumwambia aende duka jingine. Lakini angeulizwa kwa nini, na kila jibu aliloliwaza lilimfungulia yule mdogo pazia. Aliona aibu. Ndiyo, aibu tu, wala si kingine.

Akainama kwenye kreti. Akazipima mkononi, akazirudisha, akachukua nyingine alizozihisi nzito kidogo.

"Hizi," akasema.

"Leo hugongi kaunta?" mdogo mtu akamtania. "Au umezeeka?"

Orijino akazigonga. "Orijino hizo. Nenda kalale."

Gari la mikate lilishindwa kukata kona chini ya mteremko, likaingia kwenye ukuta. Mdogo wake alifia palepale. Mkaguzi wa magari alichungulia, akaona pedi ni mpya, akaandika kwamba breki zilikuwa nzima na dereva alisinzia.

Matanga yalipokwisha, shemeji yake alikuja dukani na kifurushi cha kitambaa. Orijino akamvutia kiti, mwenyewe akabaki amesimama.

"Fundi aliyelivuta gari amenipa hizi," mjane akasema, akamwekea pedi moja kiganjani. "Shemeji, mume wangu hakusinzia. Alilala mapema, nikamwamsha mwenyewe, akaondoka anaimba. Nilitaka kubisha. Nikasema ni breki. Halafu nikakumbuka zilitoka kwako."

Alifuta macho kwa upande wa khanga.

"Zingetoka kwingine ningepiga kelele mpaka wanisikie. Lakini kwako! Sasa mwanangu ananiuliza kila siku kama ni kweli baba alisinzia kazini. Nimjibu nini? Niambie wewe, unayevijua hivi vitu."

Orijino aliigeuza pedi. Lile tabaka jeusi linalobana diski ya gurudumu lilikuwa limeachana na bati lake; lilisogea chini ya kidole gumba chake kama gamba la kidonda kilichopona. Nje muuza betri hakuwepo, duka lake limepigwa kufuli. Mkewe aliacha kufagia.

Neno moja lingetosha. Alilifikiria. Akaifikiria na jela.

"Kazi ya mikate inachosha, shemeji," akasema. "Labda kweli alisinzia."

Mjane aliinamisha kichwa, akalia polepole, bila ubishi. Orijino akabaki amesimama mbele yake, kidole gumba kikilibana lile tabaka lisije likadondoka sakafuni shemeji akaliona.