Jembe la Mfugaji, Nyumba ya Mkulima

Mwaka ule wa themanini Chama kiliteua wagombea ubunge wawili, Patrisi na Moloimet, kikawapa alama za kupigiwa kura: mmoja nyumba, mwingine jembe. Aliyezigawa sijui siku hiyo aliamkaje. Patrisi, mkulima wa Sale mwenye sugu za mpini viganjani, alipewa nyumba. Moloimet, mfugaji wa kuzaliwa, akapewa jembe.

Kampeni zilikuwa za pamoja. Wagombea walipanda Landrova moja, wakala vumbi moja na kuhutubia jukwaa moja, kwa Kiswahili tu, huku Evarista, msimamizi aliyeletwa kutoka Karatu, akiwahesabia dakika.

Engaresero, kwa wafugaji wa Kimaasai, walipokewa vizuri mpaka picha za alama zilipoinuliwa. Mzee Tajewo aliliangalia jembe akakunja uso.

"Moloimet, mtoto wetu, nani amekuroga? Sisi hatuchimbi ardhi. Unataka kutulimia malisho?"

Wanawake nao, ambao kwa Wamaasai ndio wajenzi, waliishangilia nyumba. "Hiyo kazi yetu!" Naisenya alipaza sauti. Moloimet alianza kueleza, lakini muda wake ulikuwa umekwisha, Evarista akamketisha.

Zamu ikawa ya Patrisi. Sentensi moja tu ingetosha kuwaambia kwamba alama ni ya kumtambulisha mtu, si ahadi yake. Hakuisema. Alizungumzia zahanati na barabara, akapigiwa makofi. Aliutaka mno ubunge ule, masikini, hata usingizi ulikuwa umempaa.

Kesho yake wakafika Sale, kwao Patrisi. Alishuka garini akitabasamu, na tabasamu halikudumu.

"Jembe! Jembe ndilo letu!" wakulima waliimba. "Patrisi, baba, wewe tunakupenda, lakini kura zetu ni za jembe!"

Patrisi alikuwa ameshahutubia. Jasho lilimtoka. Moloimet akasimama, na Patrisi akajua kabisa atakachofanya, maana mwenyewe alikuwa amekifanya jana.

"Wazee wangu," Moloimet alisema, "jembe ni mimi. Atakayelipigia kura amenichagua mimi. Anayemtaka Patrisi apigie nyumba. Alama hizi tumepewa tu."

Patrisi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Garini uvumilivu ukamshinda.

"Ndugu Evarista, naomba turudi Engaresero."

"Engaresero tumemaliza. Ratiba hairuhusu."

"Basi nishushe niende kwa miguu."

"Una wazimu, ndugu yangu?" Moloimet alimshangaa. "Kule si umeshashinda?"

"Kule nilinyamaza."

Evarista aliwatazama wote wawili, akasonya, akamwambia dereva ageuze gari.

Safari hii Patrisi aliiinua picha ya jembe kwa mikono yake mwenyewe. "Huyu ndiye Moloimet wenu," alisema. "Mimi ni nyumba, na nyumbani kwangu nalima. Hakuna aliyekuja kuwalimia wala kuwajengea. Chagueni mtu."

"Na wewe unapata nini kwa kutuambia?" Mzee Tajewo alimuuliza.

"Sipati kitu, mzee."

Watu walicheka sana. Hata Tajewo alicheka, na akamwita Patrisi akae karibu naye.

Moloimet alishinda. Sale walimpa Patrisi kura zao, lakini wafugaji walikuwa wengi zaidi. Nisidanganye, Patrisi aliumia. Alirudi nyumbani akakaa jikoni kwa mkewe, Germana, akalia bila kujificha.

Germana alimwacha alie, kisha akasema, "Ungenyamaza, leo ungekuwa mbunge."

"Wa nani? Watu wa Engaresero hawakuwa wakinichagua mimi."

"Basi ndiyo imekwisha hivyo?"

Patrisi alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Mwaka wa themanini na tano naomba tena. Nitaanzia Engaresero," alisema. "Kule sasa wananijua."