Ubao wa Kufungia

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili mtu asije akamtafuta mwingine. Tena nilikuwa mpumbavu mwenye furaha, na huyo ndiye mbaya kuliko wote: nilipaka verni ya kung'arisha mbao huku napiga mluzi.

Mimi ni seremala hapa Kamembe. Natengeneza vitanda, makabati na masanduku ya marehemu; wateja wa masanduku hawajarudi hata mara moja kulalamika. Lakini kazi nilijifunzia ng'ambo ya mpaka, Bukavu, Kongo, nilikozaliwa, nikiunda boti pamoja na rafiki yangu Hugues. Familia yetu iliporudi Rwanda nilivuka na msumeno, randa na vidole tisa. Cha kumi kilibaki kule kwenye mashine ya kupasulia mbao, na mpaka leo hakuna aliyekiuliza kitambulisho. Hugues alibaki na ziwa.

Mwaka jana boti yake ilipigwa na upepo karibu na kisiwa cha Idjwi, imejaa mikungu ya ndizi. Iliitwa Sandrine, jina la binti yake wa kwanza. Waliokuwa naye waliokolewa. Hugues hakuonekana. Kaka yake, Mushagalusa, alizunguka na watu wa ukoo kwa mitumbwi, wakauliza wavuvi, kisha baada ya siku chache wakarudi nyumbani wakaanza matanga. Kaburi halikuwepo, maana hakuna aliyezikwa.

Mjane wake ni Honorine. Huvuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza akileta vitenge, na akipita Kamembe hupumzisha mzigo wake kwangu. Siku moja aliufungua mkoba, akatoa simu, akanionyesha picha ya Sandrine ikiondoka bandarini, imepigwa kutoka ufukweni.

"Papa Benitha, unakumbuka ile nusu mulikuwa munatengenezaka mbele ya kuunda boti?"

Nilikumbuka vizuri. Fundi wetu alitufundisha kuanza na boti ndogo, tena nusu yake tu, upande mmoja uliobanwa kwenye ubao kama samaki aliyepasuliwa katikati. Ukiupata upande mmoja, wa pili ni ule ule, kwa nini ujichoshe?

"Nusu ya nini, Maman Sandrine?" nikamchokoza. "Nitakutengenezea nzima, utembee nayo kwenye beseni."

Alitabasamu kwa adabu tu.

"Boti ikiendaka, shiye bale tunabakia inje tunaonaka nusu yake tu. Ni ile nusu ninataka. Nitaitundika kwa ukuta."

Nikaenda kuchagua mbao.

Nilichora umbo kwenye ubao wa nyuma, nikakata mbavu za nusu kutoka kwenye tripleksi, ule ubao mwembamba wa tabaka, nikazisimamisha kwa gundi mojamoja, ndefu katikati na fupi kuelekea pua. Kisha nikachana mbao za msedrela vipande vyembamba vya kuivika boti ngozi. Vipande hivyo vikiwa vikavu havikubali kupinda puani, hivyo nilivichemsha katika sufuria ya mke wangu. Patricie aliinua kifuniko akauliza mbao zikiiva zinaliwa na mboga gani. Nilimwambia asubiri, bado hazijashika chumvi.

Nilishusha vipande kutoka ukingoni na kupandisha vingine kutoka chini, kila kimoja nikikipunguza upana kwenye ncha ili pua isije ikavimba. Pande mbili zikakaribia kukutana tumboni. Pakabaki mwanya mmoja mrefu, umechongoka huku na huku kama jani la muhogo.

Mwanya huo una adabu zake. Katika ateliye, karakana yetu ya Bukavu, ubao wa kufungia hatukuupigilia sisi mafundi. Tuliuchonga ukakaa, kisha tukamwita mke wa mwenye boti. Anachungulia ndani kadiri anavyotaka, halafu anapiga msumari wa kwanza, nasi tunamalizia. Sandrine ilipokuwa inafungwa, Honorine alikuwa na mimba kubwa, akachungulia mpaka Hugues akamuuliza kama anamtafuta mwanamke aliyefichwa mle ndani. Akapiga msumari, ukapinda, tukacheka wote. Hugues alikataa kuung'oa. Boti ilienda ziwani na msumari wake uliopinda.

Basi nilipobakiza mwanya ule mdogo nilipaswa kumwita Honorine. Nilikuwa nimeshauchonga ule ubao, nimeuweka kando. Ndipo akaja Mushagalusa.

Si mtu mbaya, Mushagalusa. Alikaa juu ya kitanda nisichokuwa nimekimaliza, akakunja kofia yake mikononi.

"Papa Benitha, siku ya mungu, Jumapili hii, tuko na misa ya kumaliza matanga. Shemeki Honorine atatoa nguo nyeusi. Hii kitu itundikwe kwa ukuta mbele bantu bafike. Umalize, tafazali."

"Bado ubao mmoja. Ni wa Maman Sandrine."

"Njo ule sitaki ashike. Ukimupa nyundo ataanguka hapa. Umeona vile iko? Hakule, halale. Umusaidie, umalize weye."

Nikamtazama, nikaona ana huruma. Nikajiona nami ninayo. Ubao ule ulikuwa na urefu wa mkono wangu, ungemtesa mtu kwa nini? Nikaupaka gundi, nikapiga vijisumari, nikapiga msasa mpaka usingejua ulipoanzia. Halafu verni. Halafu ule mluzi.

Honorine alifika kesho yake, Ijumaa, akitoka mpakani. Nilikuwa nimeifunika nusu boti kwa kitambaa, nikakivuta kama mtu wa mazingaombwe.

"Voilà, Maman Sandrine! Haivuji. Na haina hata abiria wa kudanganya nauli."

Hakucheka. Alipitisha kidole gumba kutoka puani, polepole, ubao kwa ubao, mpaka tumboni. Pale kidole kikasimama. Mimi fundi nilikuwa nimepaficha, yeye akapaona.

"Nani alipiga musumari?"

"Mimi."

"Ah." Akaushusha mzigo wa vitenge chini. "Kumbe muke ya Hugues ni weye."

Nilikikunja kile kitambaa, nikakikunjua.

"Mushagalusa alisema utaumia," nikasema.

"Nitaumia. Ni yangu, ile kuumia. Weye ulikuwa unaitafutia nini?"

"Ungepiga, Maman Sandrine? Kweli ungeweza?"

Alikaa juu ya kitanda kile kile. Mimi nikasimama na kitambaa mkononi kama mhudumu wa baa.

"Sijue," akasema. "Pengine ningepiga. Pengine ningekataa. Nilikuwa nataka muniulize."

Kisha akasema: "Toa."

Nikamweleza kwamba gundi imekauka, ubao utavunjika, verni itaharibika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima yote, kisha akasema tena: "Toa, Papa Benitha."

Nikachukua patasi. Ubao ulipasuka vipande vitatu, na kimoja kikang'oa ngozi ya jirani yake. Kazi nzuri niliyokuwa nimejivunia kwa kila aliyepita barabarani ikabaki na jeraha tumboni. Honorine akapiga magoti, akaweka jicho pale. Ndani hapakuwa na kitu: mbavu, vumbi la msasa, alama zangu za penseli. Alichungulia muda mrefu. Nilitoka nje nikajifanya napanga mbao ambazo zilikuwa zimepangwa.

Nikiwa pale nje Mushagalusa akafika kuichukua. Aliingia kabla sijamzuia, na mimi nyuma yake. Alipoona mwanya akashika kichwa.

"Nani aliharibu?"

"Mimi," nikasema. Siku hiyo jibu lilikuwa hilo kwa kila swali.

"Mimi nilimutuma," Honorine akasema. Alikuwa amesimama, anajifuta magoti. "Itaenda vile iko."

"Shemeki, boti ya kutoboka haitundikwe mbele ya padiri. Bantu batasema nini?"

"Baseme imetoboka."

"Papa Benitha, chonga ubao ingine. Leo hii."

"Mbao ninazo," nikasema, "lakini sipigi tena. Nimeshaitwa mke wa mtu leo, inatosha."

Honorine alitandika kitenge juu ya meza, akailaza nusu boti, akaanza kuifunga kama mtoto anayepelekwa hospitali. Mushagalusa akamkaribia. Sauti yake ikashuka, na nikaona macho yake yamejaa. Yule mtu alikuwa anaumia kweli, simsingizii.

"Honorine. Mama yetu iko naishia kwa kitanda. Batoto bako nakuogopa, unakaa nao kama hauko. Sandrine ananiuliza papa atarudi lini, nimujibu nini? Acha tufunge. Hata weye upumuzike. Mwaka muzima nyumba yote ni machozi tu. Bantu tumechoka kulia, shemeki."

Honorine alikaza fundo la kitenge, akapakata nusu boti kifuani.

"Kulia hamukuchoka, shemeki," akasema. "Mulichoka kutafuta."