Sikio la Bingwa

Ijumaa, tarehe 17 Oktoba 2025, mwezi wa mfungo saba. Alfajiri Siyu ilipata manyunyu, kisha jua likatoka jeupe, na vijia vikakauka kabla watu hawajamaliza chai.

Hamdun Bwanamkuu, aliyekuwa bingwa wa ngumi wa Afrika Mashariki, alikuwa akivaa kanzu ya harusi. Mapigano ishirini na mawili alipanda ulingoni ametulia kama maji ya mtungini. Leo kifungo kimoja kilimshinda.

"Bingwa mzima wafungwa vifungo kama mtoto wa chuo cha Kurani!" Nabil, mdogo wake, alimcheka.

"Sijamwambia Mwalimu," Hamdun alisema.

Nabil akaacha kucheka. Mwalimu Abdulkadir ndiye baba wa bi harusi, na jambo asiloambiwa lilikuwa sikio. Katika pigano lililompa mkanda, raundi ya tisa, konde lilimpata Hamdun sikio la kushoto, na tangu hapo halikusikia tena. Alishinda, akanyamaza. Bondia hatangazi kilema chake. Atakayekijua atapiga papo hapo. Mbali na Nabil, aliyejua ni kocha wake tu, Bi Rael, polisi mstaafu aliyemfunza tangu Hamdun alipokuwa kibarua Kililana bandari ikijengwa. Ukumbi ukivuma, Hamdun hakuipata kengele. Bi Rael aliupiga ubao wa ulingo kwa kiganja, naye akaisikia kwa nyayo. Hivyo alitetea mkanda mara nne. Mwaka jana akastaafu nao, akarudi kulima shamba la babake, alhamdulillahi, na kuposa.

Fahima, mchumba wake, aligundua mwenyewe kwa kusikia, kila alipompigia, jinsi simu ilivyohamishwa kutoka sikio moja hadi jingine. Kwake halikuwa neno. "Ila baba asikie kwako kabla ya nikahi," alimwambia. "Sitaki kuolewa juu ya siri." Miezi mitatu Hamdun aliahidi, na miezi mitatu aliahirisha. Akimwambia, huenda mzee akakataa.

"Basi nitaketi nyuma yako," Nabil alisema. "Mwalimu akimaliza maneno, nakugusa mgongo, wajibu. Nani atajua?"

"Mungu," Hamdun alisema. "Na Fahima."

Baada ya sala ya Ijumaa watu walibaki msikitini. Mwalimu, kwa ajili ya goti lake bovu, aliegemea nguzo upande wa kushoto wa Hamdun, akamshika mkono. Sauti yake ilikuwa ndogo siku zote. Midomo ilipoanza kucheza, Hamdun hakusikia ila feni.

"Mwalimu, ngoja," alisema. "Sikio langu hili ni bovu. Lilikufa kwa ngumi, nami nikakuficha. Ukitaka kuuondoa mkono wako, ni haki yako."

Mzee hakuuondoa mkono, wala hakuukaza.

"Fahima yuwajua?" aliuliza, safari hii kwa nguvu.

"Yuwajua. Ndiye aliyetaka nikwambie."

"Na adhana ya alfajiri waisikiaje?"

"Nalalia ubavu wa kushoto, Mwalimu. La kuume libaki juu."

"Sunna ni kulalia ubavu wa kuume!" mtu alidakia kutoka nyuma.

"Nyamaza, Barka," Mwalimu alisema bila kugeuka. "Miaka arubaini nawafundisha nyinyi wenye masikio mawili, na alfajiri safu haijai."

Watu wakaangua kicheko, na Barka mwenyewe akacheka. Mzee akajiinua, goti likalia, akazunguka mpaka upande wa kuume. Nabil akampisha mbio. Akaketi, akamshika Hamdun mkono upya, akapaza sauti hata wanawake wa nyumba ya pili, na Bi Rael kati yao, wakaisikia:

"Hamdun bin Bwanamkuu, nimekuozesha binti yangu Fahima kwa mahari mliyoagana!"

Hakuna aliyemgusa mgongo. Mkono wake ulikuwa umetulia katika mkono wa mzee.

"Nimekubali kumuoa Fahima binti Abdulkadir kwa mahari tuliyoagana," Hamdun alijibu, na sauti yake ikafika mlangoni. Kisha akawageukia watu. "Na nyote mu mashahidi: sitamficha tena jambo, yeye wala babake, inshallah."