Handaki la Wakongo na Wamina

Watu wakipita ngome ya San Felipe huinua macho kutazama kuta. Mimi natazama chini, kwenye handaki, kwa sababu handaki lile amelichimba mume wangu, na asiyetaka kulisikia hilo azibe masikio.

Mwaka ule Mwingereza na Mhispania walikuwa wanagombea nchi hizi za Amerika kama watu wawili wanaogombea mkeka wa mtu wa tatu. Mwingereza akaja Cartagena, mji wetu ulioshikwa na Mhispania, na meli nyingi hata bahari ikafichika. Husemwa fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Sawa. Ila safari ile nyasi zilipewa majembe.

Mimi Nicolasa nilikuwa mtu huru, nauza mikate ya muhogo pale mtaa wa Getsemaní. Mume wangu Pantaleón alikuwa mtumwa wa mfalme wa Uhispania, msimamizi wa kikosi cha Wakongo. Kapteni mmoja mhandisi, Don Lupercio, akawaweka watumwa wachimbe handaki chini ya ukuta: Wakongo waanzie mashariki, Wamina magharibi, wakutane katikati. Kina kifike kifuani mwa mtu, basi. Akaahidi kwamba msimamizi atakayefuata agizo ataombewa karatasi ya uhuru. Siku hiyo niliunguza mikate yote kwa furaha.

Sasa, Wakongo na Wamina, makabila mawili yaliyovushwa bahari kutoka Afrika, ni watani tangu zamani. Kazini upande mmoja huimba tusi, wa pili hujibu, na anayeweka jembe chini kabla ya mwenzake ndiye amelikubali tusi. Msimamizi wa Wamina alikuwa Ventura, mwembamba kama ufito, mdomo mpana kama lango la mji.

Kina kilipofika kifuani, Pantaleón akainua jembe ili atoke. Ventura akaimba kutoka upande wa pili:

"Mkongo kachokaaa! Aitiwe mama yake amfute jasho!"

Jembe la mume wangu likasimama hewani.

"Mama yangu ndiye aliyemchimbia baba yako choo!"

"Kwa kijiko!"

"Na kijiko chenyewe ndicho mnachochimbia leo!"

Wakongo wakaangua kicheko, majembe yakashuka tena. Mimi niko ukingoni na kikapu changu, roho juu.

"Pantaleón! Kapteni kasema kifuani! Toka humo!"

"Atoke yeye kwanza."

"Shemeji Nicolasa," Ventura akadakia, "mtupie mkate, mtoto ana njaa."

Basi tena. Mabega yakazama, vichwa vikazama, nikawa namwona mume wangu kama mtu aliye kisimani. Walipokutana katikati hakuna aliyekubali kushindwa, na kutoka walitoka kwa kamba.

Kapteni alipoona alipandwa na mashetani. "Hayawani nyie! Nani kawaambia mfukue mguu wa ukuta? Ukianguka, tumekwisha sote! Mchimba shimo huingia mwenyewe, mtaona!" Ahadi ikafia pale pale. Akaapa kwamba wasimamizi wote wawili watafungwa kwenye nguzo ya viboko vita vikiisha. Hawakufungwa siku ile kwa sababu tu mikono ilihitajika.

"Umeuza uhuru wako kwa tusi la choo," nikamwambia Pantaleón. Nililia, sifichi.

"Wewe hukusikia alivyoliimba," akanijibu. Wanaume!

Waingereza wakaja alfajiri, wamebeba ngazi. Mtoro mmoja wa kwetu, aliyekimbia kabla kina hakijazidi, alikuwa amewapelekea habari za handaki la kifuani, nao wakazikata ngazi kwa kipimo hicho. Wakashuka handakini, wakaziegemeza ukutani, wakapanda mbio. Wa kwanza alipofika kipago cha mwisho akapapasa jiwe, hakuona pa kushika. Ngazi zilikuwa fupi! Wa nyuma wanasukuma, wa mbele hawana pa kwenda, na huko juu Wakongo na Wamina wanawangoja na mapanga. Kulipopambazuka handaki lilikuwa limejaa makoti mekundu ya Waingereza.

Sikucheka. Walikuwa watoto wa watu, wameletwa kufia mji ambao hata jina hawakuweza kulitamka. Homa ikawamalizia wengine, maiti wakatupwa baharini hata sisi tukaacha kula samaki. Nasi tulizika wetu, wengi. Lakini ukuta ulisimama, na Mwingereza akatweka tanga akaenda zake.

Ndipo akaja mkaguzi wa mfalme, mzee mmoja anayetokwa jasho kama chungu cha mvuke. Wachimbaji wakapangwa uani, nasi wanawake nyuma yao. Kapteni alisimama pembeni akitazama viatu vyake.

"Ninayo karatasi moja ya uhuru," mkaguzi akasema, "ya msimamizi aliyelifanya handaki liwe na kina hiki. Ni nani?"

Sema ni wewe, Pantaleón, nikaomba kimoyomoyo. Sema.

Pantaleón akapiga hatua mbele. "Bwana mkubwa, mimi kifuani nilikuwa nimeshamaliza. Aliyelizidisha ni Ventura huyu. Bila mdomo wake mchafu tungekuwa Waingereza saa hizi. Mpe yeye."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mkaguzi akamnyooshea Ventura karatasi.

Ventura akaitazama, akakunja mikono kifuani. "Mimi? Nile makombo ya Mkongo? Nilimtukana mara moja tu, yeye ndiye aliyekataa kuacha. Mpe mwenyewe."

"Sipokei."

"Nami sipokei."

"Mmina, usinitie hasira. Chukua!"

"Chukua wewe, uondoke na kijiko chako!"

Mkaguzi anageuka huku, anageuka kule, jua la saa sita utosini. "Hivi hawa wana wazimu?" akamuuliza kapteni.

Kapteni akajibu taratibu, bila kuinua macho. "Hawaachi, bwana. Hivyo ndivyo walivyolichimba."

Mzee akaitisha wino, akaandika karatasi ya pili juu ya pipa la baruti, akawapa wote wawili kwa mpigo, kila mmoja mkono wake. Uani kulilipuka vigelegele. Nilimrukia mume wangu shingoni, nikampiga kofi la mgongo, nikambusu, nikampiga tena.

"Hata hivyo," Ventura akasema tukitoka langoni, karatasi ameitia kofiani, "upande wangu ndio wenye kina zaidi."

"Wa nani?"

"Wangu, kijana."

Kabla sijafungua mdomo walikuwa wamesharuka ndani ya handaki, watu wawili huru, bila kuamriwa na mtu, wakipima kina kwa mikono ukutani na kutukanana. Walipochoka wakagundua kwamba hawana pa kupandia.

"Nicolasa! Mke wangu! Tupia kamba!"

"Shemeji, tafadhali!"

Kamba ilikuwa miguuni pangu. Nikaketi ukingoni, nikafungua kikapu, nikawa nawaita wapita njia mmoja mmoja: njooni, njooni mtazame chini, muwaone waliolichimba.